Mjadala wa Masuala ya Jamii Darasani kwa Msaada wa TEHAMA: Mwongozo kwa Mwalimu, kwa Mfano wa Foleni ya Kigongo

Mwanafunzi wa sekondari hapa Mwanza akiambiwa asimame kuzungumzia jambo linaloihusu jamii yake, mara nyingi hujikuta akianza hivi: "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wasikilizaji wenzangu, ninasimama mbele yenu kuunga mkono hoja isemayo..." Maneno hayo ameyarithi kutoka kwenye midahalo ya shule, ambako vizazi kadhaa vya wanafunzi vimebishana iwapo elimu ni bora kuliko pesa. Mdahalo una faida yake, kwani humzoesha mtoto kusimama mbele za watu bila kutetemeka na kuzipanga hoja zake ndani ya dakika chache. Hata hivyo, ukitumiwa kufundishia masuala ya jamii una kasoro moja kubwa: mwanafunzi hupewa upande kabla hajapewa ushahidi, kisha hupigiwa makofi kwa kuutetea upande huo hata pale moyo wake unapomwambia kwamba wa upande wa pili wamesema kweli.

Mwongozo huu unahusu mjadala, yaani mazungumzo ya darasa zima ambamo mwanafunzi anaweza kubadili msimamo wake hadharani na akahesabiwa kuwa amefanya vizuri. Vifaa vya TEHAMA vina kazi tatu tu katika somo la namna hii: kuuleta ushahidi mezani, kuupima, na kuifikisha sauti ya mwanafunzi ambaye kwa kawaida hasikiki. Kifaa kisichofanya mojawapo ya kazi hizo kiachwe ofisini.

Mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni Daraja la J.P. Magufuli, linalovuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo, wilayani Misungwi, hadi Busisi, wilayani Sengerema. Daraja hilo lenye urefu wa takriban kilometa 3 lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo, magari yaliyokuwa yakielekea Sengerema na Geita yalipanga foleni kusubiri kivuko, na foleni hiyo ilikuwa soko: samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu na maji ya chupa viliuzwa dirishani mwa mabasi. Sasa gari huvuka kwa dakika chache, na foleni haipo tena.

Hatua ya kwanza: Tafuta swali, si mada

Walimu wengi huandika ubaoni "Maendeleo ya miundombinu na athari zake", kisha hushangaa darasa linapokaa kimya. Hiyo ni mada, na mada haimdai mtu jibu. Swali kama "Je, daraja ni zuri?" nalo halifai, maana hakuna mtu mwenye mgonjwa wa kumkimbiza Hospitali ya Bugando usiku atakayesema daraja ni baya. Swali nililoishia nalo, baada ya kulifuta na kuliandika upya mara kadhaa, ni hili: mradi wa umma unapowanufaisha wengi na kuondoa riziki ya wachache, wachache hao wanastahili kupewa nini, na nani anapaswa kuwapa?

Swali hilo lina sifa ambazo ningependa kila mwalimu azitafute. Watu wenye akili timamu na nia njema wanaweza kulijibu kwa namna tofauti: mmoja atasema biashara ya foleni ilikuwa bahati ya mahali, na bahati haina fidia, mwingine atasema kijiji kilichozihudumia safari za taifa kwa miaka mingi hakiwezi kuachwa hivi hivi, wa tatu atauliza kama nauli na muda uliookolewa haujawafaidi watu wale wale. Ushahidi wake unafikika, kwani daladala ya kukodi hutoka mjini ikapita Usagara na kufika Kigongo, ikarudi siku hiyo hiyo. Tena swali lenyewe ni kubwa kuliko mahali pake, kiasi kwamba mwanafunzi aliyelifikiria vizuri anaweza kulipeleka kwa wamachinga wanaohamishwa kandokando ya barabara za mjini, au kwa wavuvi wanaoambiwa waache kokoro, yaani nyavu za kukokota.

Nisisitize jambo ambalo nimeona likipuuzwa. Si kila suala la jamii lina pande mbili. Kanda ya Ziwa imeumizwa na mauaji ya watu wenye ualbino na ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi, na suala hilo linastahili kabisa kusomwa darasani. Lakini haiwezekani kuligawa darasa katika wanaounga mkono na wanaopinga, kana kwamba haki ya mtu kuishi inasubiri kura ya kidato cha tatu. Katika suala kama hilo, swali la kujadili ni kwa nini imani hizo hudumu, nani hunufaika nazo, na hatua gani zimewahi kuokoa maisha. Iwapo darasani kuna mwanafunzi mwenye ualbino, zungumza naye faragha siku kadhaa kabla ya somo, umwachie yeye aamue kama atazungumza, atasikiliza, au atakuwa mahali pengine. Vivyo hivyo kwa ajali za majini. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walipoteza maisha, na mwanafunzi aliyetoka Ukerewe huenda amebeba msiba ambao mwalimu hajui habari zake. Usalama wa vyombo vya majini ni suala zuri sana la kujadili, ila picha za siku ile zisirushwe kwenye projekta.

Hatua ya pili: Hesabu ulichonacho

Kabla ya kuandaa somo, orodhesha vifaa na hali yake halisi. Shule nyingi zina kishikwambi kimoja kimoja mikononi mwa walimu, vingi vikiwa ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu. Huenda ipo projekta moja inayogombaniwa na idara zote, na chumba cha kompyuta ambamo nusu ya mashine ndizo zinazowaka. Simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo usipange somo linalozihitaji.

Panga kifaa kimoja kwa wanafunzi watano. Hata kama vingekuwepo vya kutosha kila mmoja, bado ningependekeza mpango huo, kwa sababu watano wanaoshika kishikwambi kimoja hulazimika kukubaliana kuhusu kitakachoandikwa, na ubishi ule wa chinichini juu ya neno moja ndio mwanzo wa mjadala wenyewe. Pakua kila kitu mapema, ukiweke kwenye flashi na kwenye vishikwambi, maana umeme hukatika na bando huisha. Nakala chache zilizochapwa za picha na majedwali muhimu ziwe mezani, ili somo lisife na umeme.

Hatua ya tatu: Wakusanye ushahidi wao wenyewe

Hapa ndipo wiki mbili za kwanza zinapokwenda, na zisipunguzwe.

Anza na picha za setilaiti. Google Earth huhifadhi picha za miaka iliyopita, na mwalimu anaweza kuzipakua picha za Kigongo na Busisi za vipindi mbalimbali akazipanga kwa tarehe. Waonyeshe wanafunzi bila maelezo yoyote, uwaulize wanaona nini. Wataanza na daraja lenyewe, kisha jicho lao litashuka chini: vibanda vilivyojipanga kandokando ya barabara iendayo kivukoni, uwanja wa kuegesha malori, njia nyembamba zinazotoka nyumbani kwa watu kuja barabarani. Waambie wahesabu mapaa. Mwanafunzi aliyehesabu mapaa kwa kidole chake kwenye kioo hawezi tena kusema "watu wachache tu" bila kuulizwa ni wangapi.

Kisha wapeleke kwenye takwimu. Kwa mujibu wa Sensa, Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 2,772,509 mwaka 2012 na watu 3,699,872 mwaka 2022. Wape namba hizo mbili tu, uwaache wakokotoe ongezeko kwenye jedwali la kompyuta: watapata watu 927,363, yaani takriban asilimia 33 kwa miaka kumi. Baada ya hapo uliza ni kwa namna gani ongezeko hilo linahusiana na swali letu. Wapo watakaosema kwamba kivuko kisingeweza kuhimili wasafiri wa mkoa unaokua kwa kasi hiyo; wapo watakaosema kwamba ongezeko hilo hilo ndilo linalowasukuma vijana kwenye biashara ndogondogo, hivyo kumwondoa mmoja barabarani leo si sawa na kumwondoa miaka thelathini iliyopita. Zote mbili ni hoja halali, na zimezaliwa na takwimu ile ile.

Baada ya picha na takwimu, waende kwa watu. Andaa dodoso fupi lisilozidi maswali manane, ulipakie kwenye programu kama KoboCollect, ambayo hujaza fomu bila intaneti na kutuma majibu baadaye penye mtandao. Maswali yaulize mambo ambayo mtu anayajua kwa hakika: aliuza nini, alianza lini, siku nzuri aliondoka na shilingi ngapi, sasa anafanya nini, nani nyumbani anategemea kazi hiyo. Swali la "unajisikiaje kuhusu daraja" liwe la mwisho, kwa kuwa mtu aliyekwisha kueleza maisha yake hulijibu kwa utulivu zaidi.

Wafundishe wanafunzi adabu ya kuingia kibandani kwa mtu kabla hujawafundisha kubonyeza kishikwambi. Wasalimie kwanza: "Shikamoo, mama." Wasubiri marahaba. Wajieleze wametoka shule gani, wanataka nini, na majibu yatakwenda wapi. Mteja akifika, wasogee pembeni wampishe mama afanye biashara yake. Kama mzee anajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, mwenye kukijua amuulize kwa Kisukuma, na maneno yake yaandikwe kwanza kama alivyoyatamka, tafsiri ije baadaye. Katika kutafsiri haraka haraka ndipo hasira ya mtu hugeuka malalamiko na shukrani yake hugeuka sifa.

Ruhusa si jambo la hiari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo dodoso lisichukue jina wala namba ya simu, picha ya uso isipigwe bila ridhaa, na sauti isirekodiwe kwa kificho. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 anayeuza barabarani, msimhoji bila mzazi au mlezi wake. Na chochote kilichokusanywa kibaki kwenye kifaa cha shule, kisitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp.

Hatua ya nne: Pimeni kabla hamjaamini

Wanafunzi watarudi na ushahidi wa aina mbili: walioukusanya wenyewe, na waliouokota mtandaoni wakiwa likizo au kwenye simu za wazazi. Aina ya pili ndiyo yenye hatari.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, waliwahi kulinganisha namna wanahistoria, wanafunzi wa chuo kikuu na wahakiki wa habari wanavyosoma tovuti wasizozifahamu. Wahakiki wa habari ndio waliofanya vizuri zaidi, na siri yao ilikuwa nyepesi: hawakukaa kwenye ukurasa wakiukagua mwonekano wake, bali waliutoka upesi wakaenda kuuliza kwingine ni nani aliyeuandika. Sisi tunawafundisha watoto kinyume chake, tukiwaambia wasome kwa makini mpaka mwisho. Kusoma kwa makini ni kuzuri kwa maandishi ambayo mwenyewe anajulikana. Kwa maandishi yasiyojulikana mwenyewe, kwanza uliza majirani.

Lifanye zoezi hili darasani kwa projekta, mbele ya wote. Chukua klipu moja iliyosambazwa sana kuhusu jambo la Kanda ya Ziwa, mwanafunzi mmoja akae kwenye kompyuta, na darasa limwongoze. Nani wa kwanza kuirusha? Picha hiyo imewahi kuonekana wapi tena ukiitafuta kwa picha yenyewe? Mavazi, vibao vya barabarani na namba za magari vinasema ni nchi gani? Wataona kwa macho yao jinsi dakika tano zinavyotosha kugundua kwamba video waliyoiamini haikupigwa Mwanza kabisa. Nafasi hiyo itumike pia kuwakumbusha kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kumgusa mtu anayechapisha taarifa ya uongo huku akijua ni ya uongo.

Kuhusu programu za akili unde (AI), msimamo wangu ni huu: zitumike darasani, kwa sababu wanafunzi wanazitumia nje ya darasa tukitaka tusitake, lakini zihojiwe kama shahidi mwingine yeyote. Iulizeni programu swali letu kuhusu wafanyabiashara wa Kigongo, mchape jibu lake, kisha kila kundi lipigie mstari sentensi ambazo linaweza kuzithibitisha kwa dodoso, picha au takwimu zake. Darasa langu lilipofanya hivyo, aya nzima zilibaki bila mstari hata mmoja, nyingine zikizungumzia "jamii za pembezoni mwa ziwa" kwa maneno laini ambayo yangeweza kusemwa kuhusu ziwa lolote duniani. Tofauti kati ya maneno hayo na sauti ya mama aliyesema "nilikuwa namaliza ndoo mbili kabla ya saa nne" waliisikia wenyewe.

Hatua ya tano: Kila mmoja awe na kitu ambacho wenzake hawana

Darasa la wanafunzi sabini haliwezi kujadiliana moja kwa moja. Ligawe kwa mbinu aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, jimboni Texas, wakati shule za huko zilipokuwa zikiwachanganya watoto wa rangi mbalimbali ambao hawakuaminiana. Kwanza wanafunzi hukaa katika makundi ya ubobezi: kundi la picha, la takwimu, la wauzaji, la madereva na wasafiri, la sheria na fidia. Kila kundi huuelewa ushahidi wake mpaka liweze kuueleza bila kusoma. Kisha makundi huvunjwa na kuundwa mapya, kila jipya likiwa na mbobezi mmoja kutoka kila la zamani. Katika kundi hilo jipya hakuna anayeweza kulijibu swali peke yake, hata yule anayeshika nafasi ya kwanza kila mtihani, kwa kuwa sehemu ya jibu imo kichwani mwa mwenzake aliyezoea kukaa nyuma. Vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40 vinatosha.

Hatua ya sita: Mjadala wenyewe

Panga viti katika duara mbili, moja ndani ya nyingine. Duara la ndani liwe na wanafunzi kumi na wawili hivi wanaozungumza. Walio nje wasikilize, kila mmoja akimfuatilia mtu mmoja wa ndani na kuandika ametoa ushahidi gani, amemjibu nani, na amebadili kauli wapi. Kila baada ya dakika kumi na tano baadhi hubadilishana nafasi. Kiti kimoja cha duara la ndani kiachwe wazi muda wote, ili wa nje mwenye jambo la dharura aingie, aseme, atoke.

Sheria ziwe chache na ziandikwe ubaoni. Kabla ya kumpinga mwenzako, rudia alichosema kwa maneno ambayo yeye mwenyewe atayakubali. Ukitaja idadi, onyesha ilikotoka. Huruhusiwi kusema "wananchi wanasema" bila kueleza ni wananchi gani na mliwauliza nini. Ukiwa umebadili mawazo, sema wazi, na utaje kilichokubadilisha.

Lugha ni suala ambalo walimu wa sekondari tunalikwepa. Masomo yetu mengi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na baadhi ya walimu hudai mjadala uendeshwe kwa Kiingereza tangu dakika ya kwanza. Nimeona matokeo yake: wanaozungumza ni wale wale wanne. Ninashauri mjadala ufanyike kwa Kiswahili, lugha ambayo ushahidi wenyewe ulikusanywa, na Kiingereza kije wakati wa kuandika, pale mwanafunzi anapokuwa na jambo la kusema na anatafuta tu namna ya kulisema.

Kazi ya mwalimu katika kipindi hiki ni ngumu kwa sababu ni ya kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kulijibu mwenyewe au kumgeukia mwingine, na kwamba akisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Jaribu kuhesabu moyoni. Sekunde tatu za ukimya mbele ya watoto sabini ni ndefu mno, lakini ndizo zinazomleta yule anayefikiri polepole. Msimamo wako mwenyewe kuhusu swali usiuseme siku hiyo. Wakikuuliza, waambie utawajibu wakishakabidhi insha zao, na utimize ahadi.

Mara ya kwanza nilipoliendesha somo hili, sikuwa nimepanga lolote kwa ajili ya wanyamavu. Wavulana wawili wenye sauti kubwa walilichukua duara la ndani, mmoja akasema wauzaji wa Kigongo walikuwa "kero kwa wasafiri", na darasa likacheka. Msichana mmoja wa bweni alikuwa ameketi duara la nje, kalamu mkononi, asiandike. Jioni nilipokusanya madaftari nilikuta ukurasa wake una sentensi moja: "Kero ile ndiyo iliyonilipia sare." Mama yake alikuwa akiuza mayai upande wa Busisi. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilikuwa nimetayarisha kila kitu isipokuwa njia ya yeye kusema.

Tangu hapo nafanya hivi. Siku moja kabla ya mjadala, kila mwanafunzi huandika kwenye fomu ya kishikwambi, bila jina, jambo moja ambalo anaogopa halitasemwa. Majibu hayo nayasoma usiku, na ninaondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mwandishi. Katikati ya mjadala, projekta huonyesha matatu au manne, na duara la ndani hulazimika kuyajibu kama yangesemwa na mtu aliyeketi pale. Shule isiyo na vishikwambi vya kutosha itumie vipande vya karatasi na boksi la chaki, hakitapungua kitu. Jambo la kuangalia ni mwandiko, kwani wanafunzi wanajuana miandiko, kwa hiyo mwalimu ayanakili upya kwa mkono wake.

Hatua ya saba: Maandishi na alama

Kila mwanafunzi aandike insha ya kurasa mbili inayojibu swali, ikitumia angalau aina tatu za ushahidi na ikieleza hoja kali kuliko zote ya upande asioukubali. Alama nyingi zaidi ziende kwenye matumizi ya ushahidi na kwenye haki aliyoitendea hoja ya mpinzani wake, chache kwenye ufasaha. Karatasi za wasikilizaji wa duara la nje nazo zisahihishwe, la sivyo muhula ujao hakuna atakayesikiliza. Msimamo wenyewe usipewe alama kabisa.

Hatua ya nane: Rudisha matokeo kwa wenyewe

Watu wa Kigongo na Busisi wamezoea kuhojiwa na wageni wanaoondoka na majibu yao wasionekane tena. Kwa hiyo darasa litengeneze muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, wenye herufi kubwa, ukieleza tuliuliza nini, watu wangapi walijibu, tulipata nini, na sisi wenyewe tulitofautiana wapi. Uchapwe, upelekwe kwa mkono na wanafunzi watano au sita pamoja na mwalimu, na usomwe kwa sauti kwa asiyeona vizuri au asiyesoma. Nakala moja ipelekwe ofisi ya serikali ya kijiji kwa heshima. Wanafunzi waende na kalamu, na pembeni mwa ukurasa pawe na nafasi tupu ya marekebisho.

Nafasi hiyo ina kazi. Mama mmoja anayekaanga sato alisikiliza muhtasari wetu mpaka mwisho huku akigeuza samaki, kisha akamwomba kijana aliyekuwa akisoma arudie mstari wa nne, uliosema kuwa mapato yake yamepungua "kwa sababu foleni imeondoka". Akatikisa kichwa. Alisema foleni kweli imeondoka, lakini hata sasa yapo magari madogo yanayosimama kwa ajili ya samaki wake; wasiosimama ni wenye mabasi, na abiria wa basi ndio waliokuwa wakinunua kwa wingi. "Andika hivyo," alisema, "basi halisimami." Kijana akaufuta mstari wa nne kwa kalamu, akaandika maneno ya mama juu yake, akamsomea tena. Mama akasema, "Sasa ndiyo." Tuliporudi shuleni, kundi la takwimu lililifungua dodoso upya na kutenganisha wateja wa mabasi na wa magari madogo, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa amelifikiria.